Mtuhumiwa Asikilizwe Kwanza

Tarehe 16 Mei 2011, watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi katika mgodi wa North Mara, Nyamongo. Waliitwa wavamizi, hakuna mahakama iliyopata kuwasikiliza. Wakili Tundu Lissu, aliyefika Tarime kusimama na familia zao, alikamatwa. Aprili 2025 alifikishwa mahakamani kwa shtaka la uhaini, kosa lisilo na dhamana.

Hatuandiki ili kutetea chama. Tunapima hoja ambayo wakili huyo ameishikilia miaka mingi: kwamba sheria huibana dola kama inavyombana raia. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla ya kosa kuthibitika. Nikodemo naye aliwauliza wakuu kama torati humhukumu mtu asiyesikilizwa.

Lakini, ndugu wapendwa, swali hilo latufikia na sisi. Yowe likipigwa na mtuhumiwa wa wizi wa ng'ombe akazingirwa, ni nani kati yetu husema, "Afikishwe mahakamani"? Haki tunayoidai kwa serikali na tuianze kijijini.