Kioo Kifungwe, Kompyuta Isilale

Siri ya mgonjwa ilipokaa katika faili la karatasi, mlinzi wake alikuwa kabati na ufunguo. Sasa siri hiyo hukaa ndani ya kompyuta, na ulinzi wake hutegemea nywila pamoja na mpangilio mmoja ambao ni wachache wanaoufikiria: muda ambao mashine husubiri bila kuguswa kabla ya kufunga kioo au kulala. Hospitalini, muda huo ni sehemu ya huduma, sawa na pazia la chumba cha uchunguzi.

Hospitali ya Wilaya ya Rungwe, iliyozoeleka kwa jina la Makandana, imo mjini Tukuyu, mji ambao watu wake hufahamiana kwa majina na kwa koo. Aketiye kwenye benchi nyuma ya mgonjwa huenda akawa jirani, mkwe, au mwalimu wa mtoto wake. Aidha, utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa mwaka 2022–2023 uliuweka Mkoa wa Mbeya katika nafasi ya tatu kwa kiwango cha maambukizi, baada ya Njombe na Iringa. Katika mazingira ya namna hiyo, tabibu akiitwa ghafla wodini na kukiacha kioo wazi, mstari mmoja wa majibu ya maabara watosha kuvunja ndoa au kumfanya mgonjwa aache dawa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kioo kilichoachwa wazi kinakwenda kinyume na shabaha ya sheria hiyo.

Hata hivyo, dawa ya tatizo hili hukosewa mara nyingi, kwa kuwa mambo mawili huchanganywa. Kufunga kioo ni kuirudisha mashine kwenye ukurasa wa kuingilia, ilhali kazi zikiendelea ndani. Kulala ni kusimamisha kazi zenyewe. Kompyuta iliyolala hujitenga na mtandao, na kazi isiyohifadhiwa hubaki katika kumbukumbu ya muda inayohitaji umeme. Tukuyu ni mji wa mvua nyingi na radi. Umeme ukikatika wakati kompyuta ya mezani isiyo na betri imelala, kazi hiyo yaweza kupotea. Na ikiwa iliyolala ndiyo inayohudumia nyingine, dirisha la dawa halitaona agizo la daktari, wala maabara haitaweza kutuma majibu.

Upo pia mtego uliojificha. Mtumishi anaweza kuamuru katika akaunti yake kwamba kompyuta isilale, kisha akatoka akiamini kwamba amri hiyo itadumu. Lakini ukurasa wa kuingilia waweza kuwa na mpangilio wake. Katika mifumo ya Linux inayotumia GNOME, kwa mfano, matakwa ya mtumiaji hayaufungi ukurasa huo, na mashine ambayo hakuna aliyeingia yaweza kulala baada ya muda fulani. Kwa hiyo amri ya kutolala yapasa kuwekwa na afisa TEHAMA katika mfumo wenyewe.

Uamuzi huu usiachwe kwa hiari ya kila mtumishi. Uongozi wa hospitali uuweke kwa maandishi: kompyuta zilizo mbele ya wagonjwa zijifunge baada ya dakika chache, ile inayohudumia nyingine isilale kamwe, ikae chumba kilichofungwa, na iwe na betri ya akiba. Nia ya kubana matumizi ya umeme ni njema, lakini itimizwe kwa kuzima vioo na kwa kuzima jioni kompyuta za ofisi ambazo hazitegemewi usiku.

Wauguzi wenye foleni ndefu hulalamika kwamba kuandika nywila kila mara huwachelewesha. Lalamiko hilo ni la haki, na likipuuzwa huzaa hatari kubwa zaidi: idara nzima kutumia nywila moja. Hapo dawa iliyotolewa usiku yaweza kusomeka kwa jina la mtu aliyekuwa amelala nyumbani kwake. Ni afadhali chumba cha dharura kipewe muda mrefu kidogo, vioo vigeuzwe visielekee benchi, na kila mtumishi azoee kufunga kioo anapoinuka. Kwenye Windows, hatua hiyo ni kubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi L.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Akiona taarifa zake zinasomeka kwa wapitao, aseme kwa upole, “Daktari, naomba kioo kifungwe.” Ombi hilo lipokewe kama ombi la kufungiwa mlango: bila kuulizwa sababu.