Viashiria vya Damu na Ugonjwa Mkali wa Mapafu: Kipimo Kiongoze Uamuzi

Katika magonjwa ya mfumo wa hewa yasababishwayo na virusi, wagonjwa wengi hupona bila msaada mkubwa, ilhali wachache huzidiwa ndani ya siku chache. Kwa sababu hiyo, swali la mhudumu na la ndugu wa mgonjwa huwa moja: ni nani atakayezidiwa? Tangu ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea duniani mwaka 2020, watafiti wamelitafuta jibu kwa bidii ndani ya damu. Tokeo mojawapo ni orodha ndefu ya vipimo ambayo mgonjwa huweza kuandikiwa siku ya kwanza, na familia isiyo na bima ndiyo hubeba gharama. Maoni yangu ni kwamba kiashiria cha damu kipimwe pale ambapo majibu yake yanaweza kubadili tiba. Kama hayawezi, fedha hiyo ielekezwe kwenye oksijeni na uangalizi wa karibu.

Sikusudii kuvidharau viashiria hivi, kwani vinasimulia jambo la kweli. Virusi vinaposhambulia mapafu, mwili hujibu kwa mchochota, na ini hutoa kwa wingi protini iitwayo CRP. Chembe nyeupe aina ya limfosaiti hupungua, na zile za nyutrofili huongezeka. Damu huanza kuganda katika mishipa midogo, na mabaki ya mabonge yanayoyeyushwa huonekana maabara kama D-dimeri. Utafiti wa wagonjwa 191 wa mjini Wuhan, uliochapishwa Machi 2020, ulionyesha kuwa waliolazwa wakiwa na D-dimeri inayozidi mikrogramu 1 kwa mililita walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufia hospitalini. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu.

Hata hivyo, kuiona hatari ni jambo moja, na kujua namna ya kuiondoa ni jambo jingine. Nchini Brazili, jaribio la ACTION liliwahusisha wagonjwa 615 ambao wote walikuwa na D-dimeri ya juu. Nusu yao walipewa dawa za kuzuia damu kuganda kwa dozi kamili ya tiba, na wengine walipewa dozi ndogo ya kinga. Dozi kamili haikuboresha hali zao, ila iliongeza kutokwa damu: asilimia 8 dhidi ya asilimia 2. Kiashiria kilitabiri sawasawa, lakini tiba iliyokifuata iliumiza.

CRP ilikuwa na bahati tofauti. Katika jaribio la RECOVERY la Uingereza, wagonjwa wenye upungufu wa oksijeni na CRP ya miligramu 75 au zaidi kwa lita walipopewa tosilizumabu, vifo ndani ya siku 28 vilipungua kutoka asilimia 35 hadi 31. Hapo kipimo kilifungua mlango wa tiba. Lakini tosilizumabu ni dawa ghali. Jaribio hilohilo lilikwisha kuonyesha, Juni 2020, kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu, miligramu 6 kwa siku, hupunguza vifo kwa wagonjwa wanaohitaji oksijeni, na haiwafai wasioihitaji. Ili kumtambua wa kupewa dawa hiyo, hakikuhitajika kiashiria chochote cha damu.

Tuangalie pia mizani ya hatari iitwayo 4C, iliyotokana na takwimu za makumi ya maelfu ya wagonjwa wa Uingereza. Ina vigezo 8: umri, jinsia, idadi ya magonjwa sugu, kasi ya kupumua, kiwango cha oksijeni, hali ya fahamu, urea na CRP. Viwili tu vinatoka maabara. Sita vinapatikana kando ya kitanda, kwa macho, masikio, saa na oksimita.

Katika mazingira yetu kuna tahadhari zaidi. Malaria na kifua kikuu hupandisha CRP. Virusi vya UKIMWI hupunguza limfosaiti hata kabla ya mafua kuingia. Ujauzito na selimundu hupandisha D-dimeri. Aidha, watu wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara huwa na nyutrofili chache kimaumbile bila ugonjwa wowote. Viwango vilivyopimwa Wuhan au London havifai kunakiliwa hapa kabla ya kuthibitishwa kwa wagonjwa wetu.

Atatokea wa kupinga kwamba oksimita nayo hukosea, na hoja yake ina uzito. Uchunguzi uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kuwa, pale oksimita iliposoma asilimia 92 hadi 96, upungufu mkubwa wa oksijeni ulikuwa umefichika kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi, dhidi ya asilimia 3.6 kwa Weupe. Dawa ya kasoro hiyo ni kupima tena na tena, kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, na kutotulizwa na namba iliyo mpakani. CRP haiwezi kutuambia kama oksijeni inaufikia ubongo.

Haya si mambo ya nadharia. Utafiti uliofanyika katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa karibu nusu ya wagonjwa mahututi wa UVIKO-19 walifariki ndani ya siku 30, na uhaba wa rasilimali ulichangia.

Kwa wahudumu wenzangu, napendekeza mpangilio huu: kwanza pumzi, oksijeni na fahamu, kisha vipimo vinavyoelekeza dawa na dozi, kama sukari kwa anayepewa deksamethasoni na utendaji wa figo, viashiria vingine vifuate pale ambapo tiba yake ipo. Kwa mgonjwa na ndugu zake: mnayo haki ya kuuliza kwa heshima, "Majibu haya yatabadili nini katika matibabu?" Mhudumu mzuri hatachukizwa na swali hilo. Na mkiona mtu anapumua kwa shida, midomo inageuka rangi ya samawati, au anachanganyikiwa, mpelekeni hospitali mara moja, hata kama majibu ya maabara hayajatoka.