Magofu Yahojiwe, Yasitazamwe Tu

Wapo vijana wetu wengi ambao huenda kusoma katika vyuo vikuu vya kusini mwa Uingereza, na wapo walimu wanaopata nafasi ya kuzuru huko kwa masomo mafupi. Wakirejea huja na picha: ngome iliyobomoka juu ya kilima, jumba la kifahari katikati ya bustani, miamba mirefu inayopigwa na mawimbi. Ukiwauliza walijifunza nini, wengi hujibu kwamba Waingereza wanajua kutunza mambo yao ya kale. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwanafunzi wa historia anapaswa kuuliza ni nani aliyeviunda, na ni nani aliyegharimika.

Nitalitumia jimbo moja tu, Dorset, kuwa mfano.

Ngome ya Corfe ilianza kujengwa katika karne ya 11, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Mgeni azitazamapo leo kuta zake zilizoinama na kupasuka hudhani kwamba zimeliwa na wakati. La hasha! Ngome hiyo ilibomolewa kwa amri. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe baina ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge, Bi Mary Bankes, mke wa jaji aliyekuwa upande wa mfalme, aliilinda ilipozingirwa mara mbili. Hatimaye ilitekwa mwaka 1646 kwa hila ya afisa mmoja aliyekuwa ndani yake, na Bunge likaagiza ivunjwe kwa baruti ili isitumiwe tena na wapinzani. Wanakijiji nao wakayachukua mawe yake, wakajengea nyumba zao.

Baada ya ufalme kurudishwa mwaka 1660, ukoo huo wa Bankes ulijenga makao mapya, jumba la Kingston Lacy. Katika bustani yake umesimama mnara wa jiwe la matale ambao haukuchongwa Dorset wala popote pengine Ulaya. Ulitoka kisiwa cha Philae, katika mto Nile, kusini mwa Misri. William John Bankes aliuona mwaka 1815, akamtumia Mwitaliano Giovanni Belzoni kuuondoa, nao ukafika Uingereza mwaka 1821. Jina la Cleopatra lililoandikwa juu yake kwa maandishi ya picha ya Misri ya kale liliwasaidia wataalamu kuyafumbua maandishi hayo yaliyokuwa yamewashinda watu kwa karne nyingi. Basi mwanafunzi wa Kiafrika anayepita katika bustani hiyo anapita mbele ya kazi ya mikono ya Waafrika. Akiambiwa tu kwamba ni pambo la bustani, amenyimwa haki yake.

Si mbali na Corfe kuna gofu la namna nyingine, kijiji cha Tyneham. Hapa hapakuishi mfalme wala kabaila wa kutajika vitabuni. Desemba 1943, wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wanajeshi walikihitaji kijiji hicho kwa mazoezi, na wakazi wake wapatao 225 wakaamriwa kuhama. Waliacha tangazo kwenye mlango wa kanisa, wakiomba mahali pao patunzwe kwa kuwa wangerudi. Hawakurudi kamwe. Vita vilikwisha, lakini serikali iliishikilia ardhi, na hadi leo ingali sehemu ya uwanja wa mazoezi ya kijeshi. Nyumba hazina mapaa, ila kanisa na shule vimehifadhiwa. Naona kwamba mwalimu hawezi kuingia katika darasa lile la Tyneham asiwaze juu ya watu wa nchi nyingi walioambiwa kwamba wanahamishwa kwa muda.

Hata uzuri wa maumbile una historia yake. Pwani ya Dorset, pamoja na sehemu ya mashariki ya Devon, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Ina urefu wa kilomita zipatazo 155, na miamba yake inasimulia miaka milioni 185 ya dunia yetu. Ni katika mji wa Lyme Regis ambako Mary Anning, binti wa seremala maskini, alichimbua mabaki ya wanyama wakubwa wa baharini yaliyogeuka mawe. Mwaka 1823 alifukua mifupa kamili ya mnyama aitwaye plesiosauri. Mabwana wenye elimu waliinunua mifupa aliyoipata na kuandika juu yake, mara nyingi bila kumtaja. Chama cha wanajiolojia cha London hakikukubali wanawake kuwa wanachama hadi mwaka 1919, na Anning alikuwa amefariki mwaka 1847.

Corfe na Kingston Lacy ni mali ya shirika la National Trust, lililoundwa mwaka 1895 na sasa lina wanachama zaidi ya milioni tano. Ukoo wa Bankes uliliachia mali hizo kwa wasia mwaka 1981. Mnamo Septemba 2020, shirika hilo lilitoa ripoti iliyotaja majumba na mahali 93 penye uhusiano na ukoloni au utumwa. Baadhi ya wanachama na wabunge walikasirika, wakidai kwamba siasa inaingizwa katika mahali pa mapumziko.

Dai hilo lisidharauliwe. Mtu aliyefanya kazi juma zima ana haki ya kutembea bustanini bila kuhutubiwa. Hata hivyo, siasa haikuletwa Corfe na waandishi wa ripoti. Ililetwa na baruti ya mwaka 1646. Anayesimulia jinsi jumba lilivyojengwa na kuficha fedha zilikotoka amechagua upande, hata akijiita mtu asiye na siasa.

Nasi tusijione tumesalimika. Mwingereza James Kirkman, aliyeanza kuchimbua magofu ya Gede mwaka 1948, alichapisha kitabu mwaka 1954 akiuita mji huo wa Waarabu. Watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba ulikuwa mji wa Waswahili, wenyeji wa pwani hii hii. UNESCO iliutia Gede katika orodha yake mwaka 2024, lakini je, ni wanafunzi wangapi wetu wanaotoka pale wakijua kwamba jina la mwenye mji liliwahi kubadilishwa kwa kalamu?

Nawaomba walimu wenzangu, basi, ziara iwe ya Dorset au ya Gede, wawape wanafunzi maswali manne kabla ya kuondoka shuleni. Nani alijenga? Nani alilipa? Nani aliondolewa au kusahauliwa? Nani anasimulia leo, na kwa faida ya nani? Wanafunzi wakirudi, waandike insha ya kuyajibu, na wasizuiwe kutofautiana na kijitabu cha mwongozo. Picha nazo wapige, kwa maana uzuri si dhambi. Ila alama zitolewe kwa majibu.