Thieta ya Chuo Ilianza kwa Safari, Ikaishia kwa Kombe. Kizingitini Itafika Lini?

Wasee, tuongee ukweli. Siku hizi ukisikia komredi amepewa heshima ya thieta chuoni, jua ni kombe, cheti na picha za Insta. Hapo stori imeisha.

Wamarekani walianza hiyo mambo kitambo. 1925, huko Fairmont, West Virginia, mwalimu Paul Opp alianzisha Alpha Psi Omega, chama cha heshima cha wanafunzi wa thieta. Ukichapa kazi jukwaani ama nyuma ya pazia, unaingizwa. Poa, hatukatai.

Lakini sisi hatukuanza na beji. Makerere, 1965, wanafunzi walibeba michezo yao wakaifuata watu walipo. Chuo cha Nairobi kikashika hiyo rada 1974 na Free Travelling Theatre. Jina linajieleza: wanasafiri, na hulipi kitu. John Ruganda, mwandishi kutoka Uganda, alikuwa mmoja wa waliosukuma hiyo mbogi. Heshima yao ilikuwa kufikia mtu ambaye hajawahi kuona jukwaa.

Na hapo ndipo wakubwa hushtuka. Kamiriithu, Limuru, 1977, wakulima na wafanyikazi waliigiza na Ngũgĩ wa Thiong'o, lekchara wa Nairobi. Mchezo ukapigwa stop, mwaka ukiisha Ngũgĩ akatiwa ndani, na 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Ukidhani hayo ni ya kale, kumbuka Nakuru, Aprili 2025: wasichana wa Butere na "Echoes of War". Waliimba wimbo wa taifa wakaondoka, huku nje ni vitoza machozi. Hakuna serikali inaogopa kombe. Inaogopa mchezo ukikutana na watu.

Sasa twende Kizingitini, kisiwa cha Pate, kwetu. Hatuna chuo kikuu. Tuna bahari, kamba na madau. Lakini usituite washamba wa sanaa: Wabajuni wana vave, nyimbo za usiku wa kuamkia kuchoma shamba, mmoja anaongoza na wengine wanaitikia. Hiyo si thieta ni nini? Na hakuna mzee aliyevishwa beji.

Stori pia tunazo. 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76 sababu ya bandari mpya. Kila nyumba ya mvuvi ina lake la kusema juu ya hiyo kesi. Nionyeshe mchezo wa chuo ulioleta hiyo kesi jukwaani hapa kwetu.

Mimi niliacha chuo semista ya tatu, kwa hivyo cheti sina cha kukuonyesha. Ila najua hivi: likizo ndefu bado zipo, vilabu vya drama vipo, na boti ya kutoka Lamu hutoka kila siku. Makomredi, pakieni. Ukumbi hatuna, lakini ufuo upo, na watu watakuja wenyewe.