Afya Kazini: Sumu Ipitayo Katika Ngozi

Katika lugha ya Kiswahili neno "dawa" limetwikwa kazi nyingi mno. Kidonge apewacho mtoto mwenye homa huitwa dawa, na maji meupe yanyunyizwayo juu ya mikahawa ili kuua wadudu huitwa dawa vilevile. Pengine matata yalianzia hapo. Ni vigumu mtu kuiogopa dawa, maana tangu utotoni amefundishwa ya kuwa dawa huponya. Laiti wale waliouleta unyunyizaji huu katika nchi wangaliiita sumu tangu siku ya kwanza, huenda vibarua wengi wangalivaa viatu kabla ya kubeba bomba mgongoni.

Asubuhi ya siku ya kunyunyiza, katika mashamba mengi, mambo huwa kama hivi. Mwenye shamba humkabidhi kibarua chupa ya sumu, bomba na ndoo ya maji. Kibarua hupima sumu kwa kifuniko cha chupa, huimimina ndani ya ndoo, na akikosa kijiti cha kukorogea hutumia mkono. Bomba ni la zamani. Mpira wa kifuniko umechakaa, nayo maji huvuja polepole yakishuka mgongoni. Kibarua hufunga kitambaa puani na kinywani, akaona kwamba sasa amejikinga vyema. Saa sita hunawa vidole kwa maji machache, akala mahindi aliyochukua kutoka nyumbani. Jioni kichwa humuuma, macho hayaoni sawasawa, miguu ni mizito. Naye husema ni jua kali, au malaria imerudi.

Kosa la kibarua huyu si ujinga. Amefikiri kama watu wengi wafikirivyo, ya kuwa sumu ina milango miwili tu, kinywa na pua. Mlango ulio mkubwa kupita yote miwili ni ngozi. Sumu nyingi za kuulia wadudu zimetengenezwa ili zipenye katika mwili wa mdudu zikimgusa tu, nazo huyeyuka katika mafuta. Na kwa kuwa ngozi ya mwanadamu ina mafuta, hupenya humo pia bila ya kuacha jeraha wala kuwasha. Mtu hasikii chochote wakati zinapoingia.

Tena si kila mahali pa mwili panapoingiza sumu kwa kiasi kimoja. Mwaka 1971 madaktari wa Marekani walichapisha vipimo walivyovipata kwa kuwapaka watu waliokubali kupimwa sumu kidogo sana iitwayo parathioni, kisha wakatazama ni kiasi gani kilichoingia mwilini. Katika mkono, kati ya kiwiko na kifundo, iliingia kama sehemu 9 katika 100. Katika kiganja, kama 12. Katika paji la uso ilizidi thuluthi moja ya yote iliyopakwa, na kwapani ilikuwa karibu thuluthi mbili. Katika ngozi ya sehemu za siri za mwanamume, iliingia karibu yote. Hebu msomaji na alifikirie tena lile bomba livujalo, na njia ambayo maji yake hufuata kutoka mgongoni hata mapajani. Kitambaa kilichofungwa puani hakiwezi kulizuia jambo hilo hata kidogo. Na kikilowa, hugeuka kuwa chombo cha kuishikilia sumu karibu na midomo.

Parathioni ni moja tu katika ukoo mkubwa wa sumu zitokanazo na fosforasi. Ukoo huo ulianza kukuzwa Ujerumani katika miaka ya 1930 na mtaalamu wa kemia aitwaye Gerhard Schrader, aliyekuwa akitafuta njia ya kuua wadudu waharibuo mazao. Mwaka 1936 alipata kitu chenye nguvu kupita alivyotaka. Yeye na msaidizi wake walidhuriwa nacho katika chumba chao cha kazi: macho yaliingia giza, kichwa kikazunguka, pumzi ikawa haba, na ziliwapita wiki kadhaa kabla ya kupona kabisa. Kitu hicho kikaitwa tabuni, nacho majeshi yalikichukua kiwe silaha ya vita. Ndugu zake walio dhaifu zaidi wakaletwa mashambani. Kwa hiyo miongoni mwa watu wa mwanzo kuugua kwa sababu ya kazi hii alikuwamo bingwa aliyejua vizuri alichokuwa nacho mezani. Sembuse kibarua ambaye hakuambiwa neno.

Namna sumu hii inavyofanya kazi mwilini yaweza kuelezwa kwa mfano wa ofisini. Mshipa wa fahamu unapotaka msuli ufanye kazi, hupeleka tarishi na barua. Msuli ukiisha kuipokea na kutenda, karani huiondoa barua ile mezani ili amri isitekelezwe mara ya pili. Sumu hii humfunga karani mikono. Barua zikabaki zimerundikana, na kila moja ikazidi kutoa amri ile ile: tezi zitoe mate, macho yatoe machozi, jasho litiririke, tumbo lisokote, mboni za macho zisinyae hata ziwe ndogo kama tundu la sindano, misuli itetemeke yenyewe. Ikizidi, misuli ya kupumulia huchoka na kuacha kazi, na hapo ndipo mtu anapokufa. Karani huyo, katika vitabu vya waganga, ni kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, na kiasi chake huweza kupimwa katika damu.

Sasa, iko habari ambayo wengi hawajaisikia, nayo pengine yafaa kujulikana kuliko hiyo ya kifo. Karani aliyefungwa na sumu ya ukoo huu, akikaa hivyo, hafunguliwi tena. Hana budi mwili utengeneze mwingine. Katika damu, kazi hiyo huenda taratibu sana, kama sehemu moja katika mia kwa siku. Mtu aliyenyunyiza Jumatatu na kupata sumu kidogo, isiyomwumiza, akanyunyiza tena Alhamisi, na tena juma lifuatalo, ni kama mtu akopaye dukani kila siku na kulipa senti moja moja. Siku moja mwenye duka hukataa. Siku hiyo kibarua huanguka, na wenzake hushangaa wakisema, "Mbona leo ametumia kiasi kile kile cha siku zote?"

Wala hii si habari ya nchi za mbali tu. Katika miaka ya 1993 na 1994 wataalamu walipima damu ya mamia ya wafanyakazi wa mashamba hapa Kenya, huko Naivasha, Wundanyi na kwingineko. Waliokuwa wakifanya kazi penye sumu hizi walionekana kupungukiwa na kimeng'enya kile kwa wastani wa thuluthi moja hivi, hali wenzao wasioigusa walipungukiwa kidogo sana. Wengi wa watu hao walikuwa wakienda kazini kila siku kama kawaida. Bila shaka wako waliomeza dawa za malaria kwa ugonjwa usiokuwa malaria.

Hapa makarani nao wasidhani ya kuwa habari hii ni ya wenye jembe peke yao. Huko Uingereza, tangu mwaka 1976 hata mwaka 1992, sheria iliwalazimisha wafugaji kuwaogesha kondoo wao ili kumaliza ugonjwa wa upele, na dawa nyingi zilizotumika joshoni zilikuwa za ukoo huu wa fosforasi. Wafugaji wengi walilalamika ya kuwa wamepata udhaifu usiowatoka. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1999 ulionyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia: hatari iliyo kubwa haikuwa kwa yule aliyerukiwa na maji ya josho siku nzima, bali kwa yule aliyefungua mtungi na kuipima sumu kabla haijatiwa maji. Tone moja la sumu tupu kwenye kidole lashinda matone mengi ya ile iliyokwisha kuchanganywa.

Na ni nani apimaye sumu katika chama cha ushirika? Mara nyingi ni karani wa stoo, mwenye shati jeupe na kalamu mfukoni, ambaye hajapata kushika bomba maisha yake. Wanachama huja na chupa za soda, naye huwagawia kutoka katika mtungi mkubwa, akafuta mikono kwa kitambaa kile kile afutiacho jasho, akaandika katika daftari, kisha akanywa chai. Meza yake iko ndani ya stoo kwa sababu chama hakina chumba kingine. Karani wa namna hiyo anastahili glovu za mpira kabla ya mtu mwingine yeyote, na meza yake ihamishwe hata kama ni barazani. Ama hizo chupa za soda, ni uovu mtupu. Mtoto hawezi kujua tofauti, na kuigawa sumu katika chupa isiyo na maelezo ni kinyume cha kanuni za serikali.

Nyumbani nako iko desturi ya kunywa maziwa baada ya kunyunyiza, kwa imani ya kuwa maziwa huosha sumu. Maziwa ni chakula chema, na anayeyapenda na ayanywe. Lakini hayaifuati sumu iliyokwisha kuingia katika damu kwa njia ya ngozi, na mtu akiyategemea huchelewa kufanya lile lifaalo, yaani kuvua nguo zote na kuoga mwili mzima kwa maji mengi na sabuni, pamoja na nywele na chini ya kucha. Nguo zenyewe hupokelewa na mke, naye huzifua kwa mikono mitupu pamoja na za watoto. Mwanamke huyo hajakanyaga shamba siku ile, na kumbe amekwisha kupata fungu lake. Nguo za kunyunyizia zifuliwe peke yake, na afuaye avae glovu, tena mbali na kisima na hori la ng'ombe.

Juu ya mavazi ya kazi, hayahitaji fedha nyingi kama watu wasemavyo. Mikono mirefu, suruali ndefu iliyoshushwa nje ya buti za mpira ili maji yasiingie ndani, kofia, miwani ya kukinga macho, na glovu za mpira. Glovu za ngozi au za pamba hazifai, maana huinywa sumu na kuishikilia. Kweli, mavazi hayo ni ya joto, na katika nchi kavu kama Machakos mtu huweza kuona ni heri afe na sumu kuliko na joto. Basi na anyunyize alfajiri, au jua likishuka. Hata hivyo saa hizo upepo huwa mdogo, na ngozi yenye jasho na joto huipokea sumu upesi zaidi.

Mwenye shamba asiseme kwamba hayo ni ya mashamba makubwa ya maua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu mahali popote mtu anapofanya kazi, hata kwa muda, nayo inampasa mwajiri kumpatia mfanyakazi wake mavazi ya kujikinga na vitu vya kudhuru. Kibarua wa siku mbili ni mfanyakazi. Mtu anunuaye sumu ya shilingi elfu mbili, akashindwa kununua glovu za shilingi mia chache, amekwisha kuonyesha ni kipi anachokithamini, mikahawa au jirani yake.

Kabla ya kununua, na atazame chini ya karatasi iliyobandikwa chupani. Hapo pana utepe wa rangi. Mwekundu ni sumu kali kabisa. Wa manjano huufuata. Kisha wa buluu. Na wa kijani ni ile yenye hatari ndogo. Mara nyingi mdudu yule yule huweza kuuawa na sumu ya utepe wa chini, na afisa wa kilimo, ambaye wazee bado humwita Bwana Shamba, huweza kueleza ni ipi. Pareto, ambayo ilikuwa fahari ya Molo na Ol Kalou kwa miaka mingi, imo miongoni mwa zile zisizomdhuru sana mwanadamu. Na ni ajabu kidogo kwamba wakulima wa Kenya waliiuza ng'ambo huku wakinunua kutoka ng'ambo sumu kali kuliko hiyo.

Mtu akianguka kazini, huku akitoka mate na jasho na mboni za macho zikiwa ndogo, aondolewe pale, avuliwe nguo, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, na amwoshaye ajikinge mikono. Asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali bila kukawia, kwa sababu iko dawa, na hii ni dawa kweli, iitwayo atropini, ambayo huzinyamazisha zile amri zilizorundikana mpaka mwili upate nafuu. Lakini daktari hana budi kujua mgonjwa ameguswa na sumu gani, na mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kusema. Kwa hiyo aliyempeleka achukue na ile chupa yenye karatasi yake, ikiwa imefungwa vizuri ndani ya mfuko, aikabidhi mkononi mwa mganga.