Ngazi Tatu za Mwenye Nyumba

Nyumba nyingi za kupanga mjini Masasi, na kule juu Newala vilevile, zina mtindo mmoja: baraza iliyoinuliwa ili maji ya mvua yasiingie, ukumbi mwembamba, vyumba pande mbili, na choo cha shimo uani. Mwenye miguu yake miwili haoni taabu hapo. Lakini mpangaji akikatwa mguu kwa ugonjwa wa kisukari, akarudi kutoka hospitali ya Mkomaindo au Ndanda akiwa katika kiti cha magurudumu, nyumba ile ile anayoilipia kodi humgeuka. Kiti hakipiti mlangoni. Choo cha kuchutama hakimfai. Na pale Newala, ambako maji ya paani hukingwa katika kisima cha saruji uani, hawezi hata kuinama akayateka.

Je, wajibu wa mwenye nyumba ni upi? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, iliyochukua nafasi ya zile mbili za 1982, inataka mazingira yasiyo na vikwazo, lakini mkazo wake ni majengo yanayotumiwa na umma. Chumba cha kupanga kimesahauliwa. Huko Marekani, tangu sheria ya 1988, mwenye nyumba hawezi kumkatalia mpangaji mwenye ulemavu marekebisho ya lazima yaliyo ya kiasi, ijapokuwa aghalabu gharama humwangukia mpangaji. Kwa maoni yetu, haki huanzia hapo, katika kutokataa. Maana mpangaji hana ruhusa ya kubomoa ukuta usio wake.

Wala jambo lenyewe si kubwa. Kwa kila sentimita 1 ya kimo, mteremko huhitaji sentimita 12 za urefu. Hivyo ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zataka mteremko wa mita 5 na sentimita 40, ambao waweza kupitishwa ubavuni mwa baraza iwapo mbele ni finyu. Mlango uachwe na nafasi wazi ya sentimita 80. Chooni, kiti cha mbao chenye tundu na bomba la kushikilia vyatosha. Hiyo ni kazi ya fundi wa mtaani.

Wapo wenye nyumba wasemao kwamba mteremko huharibu sura ya nyumba. Hao hao, msimu wa korosho ukifika, wangefurahi kuyasukumia magunia juu yake!

Basi mpangaji aandike ombi lake nakala mbili, ataje kitakachojengwa, nani atalipa, na kama kitaondolewa atakapohama. Mwenye nyumba naye asipandishe kodi kwa sababu hiyo, wala asitoe notisi. Wakishindwa kuelewana, Baraza la Kata lipo kwa usuluhishi, na baada yake Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nakala ya pili ya ombi ndiyo itakayoulizwa huko.