Ngumbaru Si Tusi: Kiingereza cha Watu Wazima Kiwafikishe Chuoni na Kazini

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Najua wapo watakaosoma kichwa cha makala haya na kuguna, "Chama cha Kiswahili na Kiingereza, wapi na wapi?" Nawaomba subira kidogo. Ninalotaka kusema ni moja tu: watu wazima wanaojifunza Kiingereza hapa nchini wafundishwe kile kitakachowavusha hadi chuoni na kazini, na daraja la kuwavusha ni Kiswahili wanachokijua tayari. Ikiwa hivyo ndivyo, basi kazi hii inatuhusu sisi wanachama kabla ya kumhusu mtu mwingine.

Kwanza neno lenyewe. Hapa shuleni mtu akishindwa na hesabu rahisi huambiwa, "Nenda ngumbaru!" na darasa zima likaangua kicheko. Jamani, ngumbaru si tusi. Ni elimu ya watu wazima, na ina historia ya kuheshimiwa. Mwaka 1979 serikali iliunda Idara ya Elimu ya Watu Wazima ili kupigana na adui ujinga, na wazee wengi wakaacha majembe jioni wakaenda kushika kalamu. Hata hivyo, kazi haikuisha. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2006 ulionyesha kwamba asilimia 38.5 ya watu wazima, yaani kama watu milioni 7.8, hawakuwa wamefikia kiwango cha chini cha kujua kusoma na kuandika. Hao hawakutoka mbinguni. Ni baba zetu, mama zetu, shangazi zetu na majirani wanaotulipia karo.

Nani asiyemkumbuka Mzee Kimani Maruge? Mwaka 2004, baada ya elimu ya msingi kufanywa bila malipo, mzee huyo wa miaka 84 alijiunga na darasa la kwanza huko Eldoret akiwa amevaa kaptura na soksi ndefu. Mwaka 2005 alifika New York kuzungumzia elimu mbele ya viongozi wa dunia. Alifariki mwaka 2009. Watu humsifu kwa ujasiri wake, na anastahili. Mimi lakini huvutiwa na jambo jingine. Mzee Maruge alikuwa na sababu yake: alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Mtoto huja shuleni kwa kuwa ametumwa. Mtu mzima huja kwa kuwa ana haja. Basi mwalimu wa mtu mzima, kabla hajafungua kitabu chochote, sharti aulize, "Mzee, wataka kusoma ili ufanye nini?"

Swali hilo haliulizwi mara nyingi. Nilipomsindikiza mjomba wangu kwenye darasa moja la jioni, nilikuta watu wenye ndevu na wengine wenye wajukuu wakikariri Kiingereza kutoka katika kitabu cha watoto. Paka yuko juu ya mkeka. Huyu ni mvulana, yule ni msichana. Mjomba ni makanika wa miaka 19. Injini ikinguruma tu, kabla hajafungua boneti, anakwambia ni plagi gani iliyokufa. Aliacha shule darasa la sita kwa ukosefu wa karo, lakini gazeti la Kiswahili hulisoma tangu ukurasa wa kwanza hadi wa michezo. Je, mtu kama huyo paka na mkeka vitamfikisha wapi?

Hapo awali kampuni moja ya usafirishaji ilikuwa imetangaza nafasi ya msimamizi wa karakana. Mjomba alichukua fomu. Zilikuwa kurasa nne za Kiingereza kitupu. Alijaza jina na nambari ya kitambulisho, akakwama. Palipoandikwa "next of kin" aliacha wazi, kwa sababu hakujua kuwa anaulizwa jamaa yake wa karibu, na watoto anao watano! Palipotakiwa aeleze kazi alizowahi kufanya aliandika neno moja tu, "makanika". Miaka 19 ya ujuzi ikaingia katika neno moja. Siku ya mahojiano maswali yalikuja kwa Kiingereza, na kazi ikamwendea mwingine. Aliporudi aliniambia, "Mwanangu, kazi naijua. Karatasi ndiyo hainijui." Sikuwa na la kumjibu. Ndipo akaamua kwenda ngumbaru, na ndipo nami nilipoanza kufikiria mambo haya.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, Kiingereza cha mtu mzima kianzie pale alipo. Makanika anajua maneno mengi ya Kiingereza bila yeye mwenyewe kujua kwamba anayajua. Breki, klachi, gia, betri, plagi, spana, injini, kabureta: yote haya yalihamia katika Kiswahili kutoka Kiingereza, yakavaa kanzu na kukaa kama wenyeji. Mwalimu akiyaandika ubaoni, upande huu kwa tahajia yetu na upande ule kwa tahajia yao, mwanafunzi atakuwa na maneno hamsini kabla ya wiki kwisha, na yote ni ya kazi yake. Mshonaji naye ana yake, mpishi ana yake, mwuguzi msaidizi ana yake. Kutoka hapo hupanda: kusoma maelezo yaliyo kwenye kopo la oili, kuandika ankara ya mteja, kujaza fomu, kuandika barua ya kuomba kazi, na mwisho kujibu maswali ya mahojiano.

Pili, Kiswahili kitumike bila aibu. Wapo wanaoamini kwamba ukitaka mtu ajue Kiingereza ni lazima ukifungie Kiswahili nje ya mlango. Kwa mtoto aliyezungukwa na Kiingereza kutwa kucha huenda ikafaa. Kwa mtu anayesoma saa mbili jioni, mgongo ukimuuma, huko ni kumpotezea wakati. Chukua mfano wa mtihani. Kila mmoja wetu anajua tofauti ya "taja" na "eleza". Ukiambiwa utaje ukaeleza, umepoteza muda. Ukiambiwa ueleze ukataja, umepoteza alama. Mtu mzima akishaielewa tofauti hiyo kwa Kiswahili, kilichobaki ni kumpa maneno mawili tu ya Kiingereza. Lakini akianza na Kiingereza pekee, atakariri maneno asijue yanamtaka afanye nini.

Tatu, aonyeshwe njia mapema. Wengi wanaacha masomo kwa kuwa hawaoni yanakoelekea. Siku ya kwanza kabisa wangeambiwa hivi: baadhi ya vituo vya watu wazima hufundisha masomo ya sekondari, na mtu mzima anaruhusiwa kufanya KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi. Vyuo vya ufundi vina ngazi za mwanzo zinazompokea hata asiye na alama kubwa. Mafundi wa jua kali wana mtihani wa ufundi wa serikali unaoanzia gredi ya tatu na kupanda hadi ya kwanza. Tena mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ili fundi aliyejifunzia kazini apimwe na kupewa cheti. Milango ipo. Shida ni kwamba kibao cha kuielekeza milango hiyo mara nyingi kimeandikwa kwa lugha ambayo mhusika hawezi kuisoma.

Hapa nasikia mwenzangu akinipinga: "Kwa nini tuwahangaishe wazee na Kiingereza? Si fomu zenyewe ziandikwe kwa Kiswahili?" Hoja hiyo ni nzito, na mimi ni wa kwanza kuiunga mkono. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Fomu inayotolewa kwa Kiingereza peke yake inakisahau Kiswahili kana kwamba Katiba haikukitaja. Tudai fomu za lugha mbili, na tudai kwa sauti. Lakini fomu hazitabadilika kesho asubuhi, na mjomba ana watoto watano wanaokula leo. Anayezama humwambii asubiri mashua ijengwe. Unamrushia kamba kwanza, mashua iendelee kujengwa.

Mwingine atasema wazee wamechelewa, samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya malezi, si ya elimu. Mtu mzima ana kitu ambacho mimi na wewe hatuna: anajua kazi, anajua watu, na anajua thamani ya dakika moja. Mjomba husoma akiwa amechoka kuliko mtahiniwa yeyote wa Kidato cha Nne, na bado hachelewi darasani. Sisi tunapigiwa kengele mara mbili na bado tunajikokota.

Sasa basi, sisi tufanye nini? Tusiende mbali. Hapa hapa shuleni tuna wapishi, walinzi, watunza bustani na mafundi. Baadhi yao wameniambia wenyewe kwamba wangependa kusoma zaidi, ila haya huwazuia. Napendekeza kwamba Chama cha Kiswahili, kwa idhini ya Mwalimu Mkuu na uongozi wa mlezi wetu, kitenge saa moja na nusu kila Jumamosi alasiri. Wawili au watatu wakae na mfanyakazi mmoja au wawili. Tusiwafundishe kama watoto wa chekechea. Tuwaulize wanataka kufika wapi, kisha tutafute fomu halisi, tangazo halisi la kazi na karatasi za mitihani iliyopita, tuzisome pamoja, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande huu. Vilevile tuandike kijitabu kidogo cha maneno ya kila kazi katika lugha zote mbili. Gharama yake ni daftari na kalamu.

Kuna sharti moja, nalo ni adabu. Mzee akitamka vibaya, asichekwe. Aitwe baba, mama, mjomba au shangazi kama kawaida, hata akiwa ndiye mwanafunzi na wewe ndiwe mwenye chaki. Kicheko kimoja tu chatosha kumrudisha mtu nyumbani asionekane tena. Na sisi pia tutapata faida, maana hakuna njia bora ya kujua lugha mbili kuliko kumpitisha mtu kutoka moja hadi nyingine. Mwenye kuogopa Karatasi ya Pili na ajaribu kumfafanulia mpishi wetu sarufi, ataona mwenyewe kama anaijua au anajidanganya!

Wenzangu, tunalishwa kila siku na mikono ya watu ambao hawakupata nafasi tuliyo nayo. Mama anayetupakulia githeri anaweza kuwa na cheti cha upishi akasimamia jikoni kubwa kuliko letu. Mlinzi wa langoni anaweza kusomea umeme anaoupenda. Hawaombi sadaka. Wanaomba kusomewa kibao kilicho njiani mpaka wajue kukisoma wenyewe. Elimu haina mwisho, na kama haina mwisho, basi haina pia umri wa kufungiwa nje.

Nimeshampelekea mlezi wa chama pendekezo hili kwa maandishi. Wanaokubaliana nami waandikishe majina yao kwa katibu kabla ya mwisho wa muhula. Shime, tuanze. Wasiokubaliana nami nao waandike makala ya kunijibu katika toleo lijalo. Nitayasoma kwa hamu.